Fomu Mia Tatu na Kumi na Mbili

Nimezihesabu mara mbili: mia tatu na kumi na mbili.
Nyingine zina doa la chai, moja imetafunwa pembeni,
na zote zinauliza lile nililotumwa kuuliza:
katika shule za msingi za Kutaisi
ni watoto wangapi ambao akili yao haikai kitako?

Wakubwa wangu kule Tbilisi wanataka tarakimu.
Tarakimu hubebeka, huingia kwenye bahasha,
haiombi maji, haipotezi glovu ya kushoto.

Maswali kumi na nane, kila moja visanduku vinne:
kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.
Je, huacha kiti wakati wa kukaa?
Je, hujibu kabla swali halijaisha?
Je, huonekana hasikii, hata akisemeshwa ana kwa ana?

Mwalimu Tsiala wa darasa la tatu hakuhitaji maswali.
Alinyoosha kalamu: "Yule pale. Andika. Bachana."
Na Bachana, kusikia jina lake,
alikuwa ameshafika dirishani, ameshamwaga penseli za jirani,
amerudi, ameomba radhi, ameangusha kiti,
amegundua kwamba bomba la joto ukiligonga kwa rula
hutoa sauti tatu, kutegemea umeligonga wapi.
Tatu. Nilizihesabu mimi pia. Hakukosea.

Fomu ya nyumbani kajaza bibi yake, Venera,
maana mama yuko Bari, Italia, anauguza vikongwe wa watu.
Kamwe, kamwe, kamwe: alama zimeshuka
zimenyooka kama vigingi vya ua.
Pembeni kaandika, kwa mwandiko wa zamani:
"Mzima huyu. Anapasua kuni. Anakula.
Baba yake alikuwa hivihivi, na babu yake,
na hakuna aliyewaletea karatasi."
Nifanye nini na hilo, bibi? Halina kisanduku.

Kisha nikamwona Nutsa.
Hapana. Kisha nusura nisimwone.
Kakaa nyuma, chini ya makoti yanayochuruzika theluji,
mikono juu ya dawati, miguu pamoja.
Ubaoni kuna hesabu ya matofaa thelathini na mawili.
Daftarini mwake kuna tofaa moja, kalichora
na kikonyo chake, na funza mwenye kofia,
na barua ambayo funza anamwandikia shangazi yake;
hesabu yenyewe imeishia kwenye alama ya kujumlisha,
mtu kasimama mlangoni, kasahau alichofuata.
"Mvivu kidogo," Tsiala alininong'oneza, "ila hasumbui."

Hasumbui.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wasemao.
Nilikaa hadi kengele. Mshindo haukuja.
Vitabu nilivyopewa vinasema wavulana ndio wengi.
Huenda.
Huenda pia tunahesabu viti vilivyoanguka.

Usiku, katika chumba cha kupanga juu ya duka la viatu,
najumlisha.
Nikiwasikiliza walimu: kumi na mmoja katika kila mia.
Nikiwasikiliza mabibi: mmoja, na huyo ni wa jirani.
Nikimtaka mwalimu na bibi wakubaliane: wanne.
Watoto ni walewale, wiki ni ileile,
chujio ndilo linabadilika mkononi mwangu,
na matundu yake tumeyatoboa sisi.
Nitaandika wanne. Tbilisi wanapenda wanne.
Nutsa hayumo. Bachana hayumo, kwa hisani ya Venera.

Imebaki fomu moja tupu chini ya bahasha.
Ripoti yangu ya darasa la tatu mama aliitunza miaka yote:
"Eteri angeweza, laiti angetaka. Mpole. Hasumbui."
Nachukua kalamu. Swali la kwanza: mara nyingi.
La pili. La tatu nalisoma mara tatu.
Nje, Rioni unapita na maji yake ya matope,
mtu anafunga duka, anafungua, kasahau kitu ndani,
nikawaza yule funza, shangazi yake alimjibu nini,
na je, kofia ilikuwa ya

Birika!